Safari ya video za muziki: Mlango ni ule ule, mabawabu ndio wanaobadilika

Na MWANDISHI WETU

KATIKA matatu nyingi za jijini Nairobi, abiria huutambua wimbo kwa macho kabla ya kuutambua kwa masikio. Skrini iliyo mbele yake humwonyesha mwimbaji, mavazi yake, mtaa alikopigiwa picha na mtindo wa densi ambao utakuwa umeenea shuleni na harusini kabla ya mwezi kuisha. Kwa kijana wa leo, wimbo usio na video ni nusu wimbo.

Hata hivyo, video ya muziki haikubuniwa ili iwe burudani inayojitegemea. Ilizaliwa kama tangazo la biashara, chambo cha kumvuta mnunuzi wa karatasi za nyimbo, kisha wa santuri, kisha wa kanda. Kwa zaidi ya karne moja sasa, historia yake imezunguka maswali mawili: Nani anagharamia picha hizo? Na nani ana mamlaka ya kuamua zionekane au zisionekane? Majibu yamebadilika mara kadha wa kadha, na kwa mwanamuziki wa Afrika Mashariki majibu hayo ndiyo yanayoamua iwapo jasho lake litamlisha.

Kabla ya runinga

Wanahistoria wengi huanzia Marekani mwaka wa 1894. Wachapishaji wawili wa nyimbo, Edward Marks na Joseph Stern, walikuwa wakitafuta njia ya kuuza karatasi za wimbo wao "The Little Lost Child". Fundi wa umeme aitwaye George Thomas aliandaa picha mnato zilizomulikwa kwa taa mbele ya hadhira huku wimbo ukiimbwa jukwaani. Wimbo uliuzika mno. Picha hizo hazikuwa zikisonga, lakini kanuni ilikuwa imewekwa: jicho likivutwa, mkono hufuata mfukoni.

Sinema zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, wanamuziki walianza kurekodiwa katika filamu fupi. Mwaka wa 1929 mwimbaji Bessie Smith aliigiza katika filamu ya "St. Louis Blues". Hadi leo hiyo ndiyo filamu pekee inayojulikana kumwonyesha akiimba. Lau isingetengenezwa, tungebaki na sauti yake bila sura yake.

Nchini India, filamu ya kwanza ya sauti, "Alam Ara", ilitoka mwaka wa 1931 ikiwa na nyimbo saba. Tangu hapo wimbo na densi vikawa uti wa mgongo wa sinema za Kihindi. Sinema hizo zilivuka bahari zikaingia katika kumbi za Mombasa na Zanzibar, na watazamaji walirudi nyumbani na mahadhi yake midomoni. Waimbaji wa taarabu, akiwemo Juma Bhalo wa Mombasa, walizitilia tuni hizo maneno ya Kiswahili na zikapendwa mno. Kwa hivyo mtu wa Pwani alikuwa na mazoea ya kuutazama wimbo miongo mingi kabla ya vituo vya runinga vya muziki kubuniwa.

Mwaka wa 1940, mashine iitwayo Panoram ilianza kuwekwa katika baa na mikahawa ya Marekani. Ilifanana na kabati kubwa lenye kioo. Mteja alitumbukiza senti 10, akaonyeshwa filamu ya wimbo mmoja ya dakika tatu hivi. Filamu hizo, zilizojulikana kama Soundies, zilipita 1,800 kabla ya biashara hiyo kufifia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Dosari yake ilikuwa moja: filamu nane ziliunganishwa katika ukanda mmoja na kuonyeshwa kwa zamu, hivyo mteja hakuweza kuchagua. Alilipia kile kilichofuata katika foleni.

Pamoja na dosari hiyo, Soundies ziliwapa nafasi wanamuziki weusi ambao Hollywood iliwabania, miongoni mwao Duke Ellington, Fats Waller na Louis Jordan. Bawabu wa wakati huo alikuwa mwenye mashine, na kwake senti 10 ilikuwa senti 10.

Ufaransa ilifuata mwaka wa 1960 kwa mashine ya Scopitone, iliyokuwa na filamu za rangi na kumwezesha mteja kuchagua wimbo mmoja kati ya 36. Lakini runinga zilikuwa tayari zinaingia majumbani, na mashine ya kutumbukiza sarafu isingeweza kushindana na kisanduku kilichokaa sebuleni.

Filamu badala ya safari

Mnamo 1966 kundi la The Beatles lilikuwa likiitwa na kila kituo cha runinga duniani, na halikuwa na muda wa kwenda kote. Waliamua kutengeneza filamu za nyimbo "Paperback Writer" na "Rain", zilizoelekezwa na Michael Lindsay-Hogg, zikasafirishwa badala yao. Hapo video ikapata kazi mpya: kuwa mjumbe wa msanii mahali asipoweza kufika.

Miaka tisa baadaye, Novemba 1975, kundi la Queen lilikabiliwa na tatizo jingine. Wimbo wao "Bohemian Rhapsody" ulikuwa na sauti nyingi zilizopandishwa moja juu ya nyingine studioni, na isingewezekana kuuimba vivyo hivyo katika kipindi cha runinga cha "Top of the Pops". Mwelekezi Bruce Gowers aliwapiga picha kwa muda wa saa chache tu. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki tisa mfululizo, na kampuni za santuri zikapata somo: gharama ndogo ya video ingeweza kurudi mara nyingi kupitia mauzo.

Enzi ya MTV

Agosti 1, 1981, kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo nchini Marekani. Video ya kwanza ilikuwa "Video Killed the Radio Star" ya kundi la The Buggles, uteuzi uliokuwa na utani ndani yake kwa kuwa jina hilo linadai kuwa video ilimuua nyota wa redio. Mfumo wake wa biashara ulikuwa wa ajabu. Kampuni za santuri ziligharamia video, zikampa mwenye kituo, naye akauza matangazo ya biashara katikati yake. Kituo kilipata vipindi vyake karibu bure.

Waliofaidi mapema ni wanamuziki wa Uingereza, kwa kuwa tayari walikuwa na hazina ya video walizozitengenezea runinga za Ulaya. Duran Duran, kwa mfano, walikwenda hadi Sri Lanka mwaka wa 1982 kupiga picha za "Hungry Like the Wolf".

Lakini mlango huo haukufunguliwa kwa wote. Katika miezi yake ya kwanza, MTV ilicheza video chache mno za wanamuziki weusi, ikijitetea kuwa ni kituo cha muziki wa roki. Mwanamuziki Rick James alilalamika hadharani. Mwaka wa 1983 David Bowie, mzungu aliyekuwa mgeni wa kituo hicho, alimgeuzia mtangazaji wake swali hilo hilo: mbona weusi hawaonekani? Mwaka huo huo "Billie Jean" ya Michael Jackson ilianza kuonyeshwa na kuwavuta watazamaji wengi mno. Desemba 2, 1983, ikafuata "Thriller", filamu ya takriban dakika 14 iliyoelekezwa na John Landis, mwelekezi wa sinema za Hollywood.

"Thriller" ilivunja kanuni ya zamani. Badala ya kuwa tangazo la kugawa bure, iliuzwa katika kanda za video pamoja na filamu ya jinsi ilivyotengenezwa, na watu wakazinunua kwa wingi. Tangazo lilikuwa limegeuka bidhaa. Mnamo 2009 ikawa video ya muziki ya kwanza kuingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ubunifu na ya ubadhirifu kwa pamoja. "Sledgehammer" ya Peter Gabriel ya mwaka wa 1986 ilitengenezwa kwa kupiga picha mnato moja baada ya nyingine, na ikanyakua tuzo tisa za MTV mwaka wa 1987. Waelekezi kama David Fincher na Spike Jonze walinoa makali yao katika video kabla ya kutamba katika sinema. Gharama nazo zilipaa: "Scream" ya Michael Jackson na dadake Janet ya mwaka wa 1995 iliripotiwa kugharimu dola milioni 7.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawakulijua ni kwamba mara nyingi gharama hizo zilikatwa, zote au sehemu yake, kutoka kwa mapato ya msanii mwenyewe. Kampuni ilitoa fedha mwanzo, kisha ikajilipa kabla ya mwanamuziki kuona senti.

Kazi ya nyuma ya kamera

Msomaji huenda akajiuliza jinsi mwimbaji anavyoonekana akiimba mlimani, ufuoni na jikoni katika wimbo mmoja bila sauti kukatika. Siri ni kwamba haimbi ili arekodiwe. Wimbo uliokamilika studioni huchezwa kwa spika mahali pa kupigia picha, naye huufuatiza kwa midomo. Hurudia wimbo huo huo mara nyingi, katika kila eneo na kwa kila vazi. Baadaye mhariri huvipanga vipande juu ya sauti moja, akivikata kwa kufuata mapigo ya ngoma.

Mwimbaji akitakiwa aonekane akitembea polepole huku midomo yake ikienda sawa na wimbo, huchezewa wimbo kwa kasi maradufu naye akaimba upesi upesi. Kamera hunasa picha 48 kwa sekunde badala ya 24, na zinapoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida mwili huelea ilhali midomo iko sawa. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Kwa ajili ya "The Scientist" ya mwaka wa 2002, Chris Martin wa Coldplay alijifunza kuuimba wimbo kinyumenyume ili picha zikirudishwa nyuma, maneno yasikike sawa.

Mawimbi yafika Afrika Mashariki

Kenya ilipata runinga mwaka wa 1962, lakini kwa karibu miongo mitatu kituo kilikuwa kimoja tu, cha serikali. Mwanamuziki aliyetaka kuonekana alitegemea nafasi hiyo moja. KTN ilipoanza mwaka wa 1990, ukiritimba ulivunjika, na vituo vingine vikafuata kabla ya karne kuisha. Tanzania Bara nayo haikuwa na kituo cha runinga hadi mwaka wa 1994, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya mapema ya 1970.

Pengo hilo lilijazwa na kanda. Miaka ya 1990, video za wanamuziki wa Kongo, hususan Koffi Olomide na makundi ya Wenge, ziliingia Kenya kwa kanda za VHS, zikachezwa katika baa na vilabu hadi zikachakaa. Ndombolo haikujifunzwa kwa redio. Ilijifunzwa kwa kutazama kiuno cha mchezaji, kurudisha kanda nyuma na kutazama tena.

Mnamo 1995 kituo cha Channel O kilianza Afrika Kusini, na Februari 2005 MTV Base ikazinduliwa kwa ajili ya bara la Afrika, ikifungua na "African Queen" ya 2Face Idibia wa Nigeria. Kwa mara ya kwanza msanii wa Nairobi au Dar es Salaam aliweza kuonekana Lagos na Johannesburg kwa siku moja. Lakini vituo hivyo vilidai picha za kiwango cha juu, na kiwango kilidai fedha. Aliyekuwa na wimbo mzuri na mfuko mtupu alibaki kusikika bila kuonekana.

YouTube yabomoa ukuta

Aprili 23, 2005, miezi miwili tu baada ya MTV Base kuanza, video ya kwanza iliwekwa katika tovuti mpya ya YouTube. Mwaka uliofuata kundi la OK Go liliweka video ya "Here It Goes Again", ambapo wanamuziki wanne wanacheza densi juu ya mashine nane za kukimbilia mazoezini, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja bila kukatwa. Haikuwa na mapambo yoyote ya gharama, lakini ilitazamwa na mamilioni ya watu na ikashinda tuzo ya Grammy mwaka wa 2007.

Kwa Mkenya wa kawaida, hata hivyo, YouTube ilibaki hadithi kwa miaka kadhaa. Intaneti ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya mwendo wa kobe. Mambo yalibadilika mwaka wa 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Simu za kisasa zilipoanza kushuka bei, skrini ikahama kutoka sebuleni hadi kiganjani.

Desemba 2012, "Gangnam Style" ya PSY kutoka Korea Kusini ikawa video ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni 1, ingawa wengi wa watazamaji hawakuelewa lugha yake. Hili lilikuwa habari njema kwa lugha zote ambazo vituo vikubwa havikuzijali, Kiswahili kikiwemo. Mwaka wa 2019 Innoss'B, mzaliwa wa Goma mashariki mwa Kongo ambako Kiswahili kinazungumzwa, alimshirikisha Diamond Platnumz wa Tanzania katika "Yope Remix", na video hiyo imetazamwa zaidi ya mara milioni 100.

Nairobi nayo ilijionea. Mwaka wa 2018 vijana wa kundi la Ethic kutoka mtaa wa Umoja waliachilia "Lamba Lolo", video iliyopigwa mtaani bila magari ya kifahari wala majumba ya kukodi. Ilienea kwa simu na matatu, ikaufungulia njia mtindo wa gengetone. Miaka 20 kabla ya hapo, vijana hao wangehitaji idhini ya meneja wa vipindi.

Bawabu mpya

Je, mlango sasa uko wazi? La hasha. Bawabu amebadilika tu.

Februari 2016, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini (KFCB) ilipiga marufuku video ya remiksi ya "Same Love" ya kundi la Art Attack, iliyotetea haki za mashoga, na kuitaka kampuni ya Google iiondoe katika YouTube. Google haikuiondoa, iliiwekea onyo kwa watazamaji. Mwanzoni mwa 2018, mamlaka za Tanzania zilizuia nyimbo kadhaa kuchezwa katika redio na runinga, zikiwemo za Diamond. Matukio haya yalionyesha kwamba amri inayoweza kukifunga kituo cha runinga kwa siku moja huwa na makali machache kwa tovuti iliyo ng'ambo. Lakini yalionyesha pia kwamba uamuzi wa mwisho juu ya kazi ya msanii wetu umehamia katika ofisi ambazo hatatia mguu kamwe.

Isitoshe, programu za kompyuta ndizo zinazoamua video ipi ipendekezwe kwa mtazamaji. Tangu 2007 YouTube hutumia mfumo uitwao Content ID, unaolinganisha sauti na picha za kila video mpya na hazina ya kazi zilizosajiliwa. Zikioana, mwenye kudai haki anaweza kuizuia video hiyo au kuchukua mapato yake. Mfumo huu huwalinda wasanii dhidi ya wezi, ila pia humsumbua mwenye haki halali iwapo mwingine ametangulia kusajili kazi yake.

TikTok imeongeza jambo jingine. Baada ya kuungana na Musical.ly mwaka wa 2018, imewazoesha watazamaji vipande vya sekunde chache vilivyopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima. Sasa msanii hubuni kwanza hatua nne za densi ambazo mashabiki wataziiga, na video kamili hufuata nyuma. Nao waliotangulia wanafunga virago: Desemba 31, 2025, MTV ilifunga vituo vyake kadhaa vilivyokuwa vikicheza muziki mfululizo nchini Uingereza.

Jasho na haki

Takwimu za watazamaji zinaweza kupumbaza. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa katika video za kawaida, na asilimia 45 kwa zile fupi. Lakini kiasi cha mapato yenyewe hutegemea mtazamaji yuko wapi, kwa sababu watangazaji hulipa zaidi kumfikia mtu wa London kuliko wa Kisumu. Milioni moja ya watazamaji wa nyumbani haina thamani sawa na milioni moja ya Ulaya.

Na fedha hizo humfikia mwenye chaneli, ambaye si lazima awe mwimbaji. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, anayetambuliwa kuwa mwandishi wa kazi ya picha na sauti ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Mtunzi wa wimbo ana haki yake, mwenye rekodi ya sauti ana yake, na mwenye video ana yake. Haki tatu katika dakika nne!

Ndiyo maana mwanamuziki chipukizi anapaswa kuuliza maswali kabla ya kamera kuwashwa. Nani analipa, na atajirudishia vipi fedha zake? Nani ataimiliki video, na je, hilo limeandikwa na kutiwa saini? Chaneli imefunguliwa kwa jina la nani, na nywila yake iko kwa nani? Nakala halisi isiyobanwa imehifadhiwa wapi? Kazi ikisajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), angalau atakuwa na ushahidi mkononi siku ya mzozo.

Swali la nakala halisi si dogo. Mashine za Panoram zilitoweka, kanda za VHS zimeota ukungu, na hakuna ajuaye YouTube itakuwaje baada ya miaka 50. Bessie Smith anaonekana hadi leo kwa sababu kuna ukanda mmoja uliosalimika. Msanii wetu asiyejua nakala yake iko wapi atasikika kwa wajukuu wake, lakini huenda wasimwone.